Nisomee Ukurasa Wangu

Kama hujawahi kunyimwa mkopo mbele za watu, mshukuru Mungu wako na ukae kimya. Nzilani alinyimwa wake mbele ya kamati nzima na foleni ya wakulima wa pamba, katika ofisi ya chama cha ushirika pale Kathonzweni, mwaka wa themanini na tisa. Aliyemnyima hata hakuinua uso kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

"Mama, wewe una deni," alisema Mulei, mwenyekiti wa chama. "Lipa hiyo ya zamani kwanza, halafu uje tuongee mambo ya tangi."

"Deni gani, mwenyekiti?"

"Uliza roho yako."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko cha haja, kilikuwa kile cha puani tu, ambacho ndicho kinachouma. Nzilani akafunga kanga yake kiunoni, akasema asante, akatoka. Asante ya nini? Hata yeye hakujua. Ukishatukanwa na wakubwa, mdomo unajisemea wenyewe.

Alikuwa amekuja kuomba tangi la mabati. Mjane aliyepita hamsini, miguu imeanza kukataa kushuka mtoni kufukua mchanga kutafuta maji, kisha kupanda tena na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: mfereji wa bati upande huu wa paa, tangi lile pale pembeni, na mvua ya Novemba ikija, yeye ameketi mlangoni anaisikiliza ikiingia. Sasa hilo nalo limekwenda.

Nje ya mlango wa ofisi kulikuwa na ubao, na ubaoni karatasi yenye majina ya wanachama wasiolipa. Nzilani alijua kusoma polepole, maana alikwenda shule ya ngumbaru akahitimu. Akasoma kwa kidole. Jina lake lilikuwa karibu na juu kabisa, na karatasi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa uzee.

Hapo ndipo mambo mengi yalipomwingia akilini. Kumbe ndiyo maana Mutindi wa duka alianza kumwambia sukari imeisha, na sukari inaonekana pale nyuma yake! Kumbe ndiyo maana akina mama wa kanisa walimpokonya kazi ya kutunza sadaka yao, ati apumzike kidogo, amefanya kazi sana. Watu wa Kathonzweni ni watu wa heshima. Wataliona jina lako ukutani miaka na miaka, watakusalimia, watauliza habari za mbuzi wako mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja atakayefungua mdomo akwambie. Heshima ya aina gani hiyo, jamani? Yeye aliacha pamba zamani, mbaazi zake aliwauzia wachuuzi pale pale nyumbani, kwa hiyo hakuwa na safari ya kumleta ofisini. Alikaa kwake akidhani amezeeka tu, na wazee watu huwapunguza.

Na kwake kulikuwa kwa mtu mmoja. Mumewe Ndululu alikufa mapema. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtoto huyo aliondoka mwaka wa themanini na nne, wakati wa njaa ile ya mahindi ya manjano ya msaada. Hakuaga. Asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na yeye hayupo. Jioni iliyotangulia Nzilani alikuwa amemwambia, huku anamtilia ugali, "Mwanamume mzima, na bado unalishwa na mama yako." Njaa ndiyo iliyosema, si yeye. Lakini alilitamka, na tangu siku hiyo aliamini kwamba ni sentensi hiyo iliyomfukuza mwanawe. Miaka yote hiyo aliishi nayo kama mtu anavyoishi na jino bovu.

Hata kumwita hakuweza, na hapa lazima nieleze, maana si watu wote wana desturi zetu. Mtoto wa kwanza wa kiume Ukambani huchukua jina la babu yake, baba wa baba. Na mke halitaji jina la baba mkwe wake, awe hai, awe kaburini. Ni mwiko, ni adabu, na Nzilani alilelewa nayo kule Mutomo hata kabla hajajua ataolewa na nani. Basi siku mtoto alipozaliwa akamwita Mzee. Mtoto mchanga ananyonya, anamlowesha mapajani, naye anasema, "Aa, Mzee, tena?" Majirani walicheka, lakini walielewa, kila boma lilikuwa na Mzee wake mdogo. Jina la kanisani hakuwa nalo, kwa sababu kanisa lao hubatiza watu wazima waliofundishwa, na kijana aliondoka kabla hajamaliza mafundisho. Ndiyo sababu hata katika maombi Nzilani alisema, "Bwana, mlinde Mzee," akimwachia Mungu kazi ya kujua ni mzee yupi kati ya wazee wote wa dunia.

Siku iliyofuata, kamati haipo, alirudi ofisini. Alimkuta karani, msichana aitwaye Waringa. Asili yao ilikuwa Nyeri, ila baba yake alihamia Emali zamani akafungua duka, na binti alikulia huko huko kwenye barabara ya Mombasa.

"Msichana wangu," Nzilani alisema, "nimekuja kuona hilo deni langu."

Alitarajia kufukuzwa. Waringa akavuta kiti.

"Keti, mama. Hiyo ni haki yako. Kila mwanachama anaweza kusomewa ukurasa wake, imeandikwa kwa katiba ya chama. Shida ni kwamba watu hawaulizi. Wanaogopa hii kitabu kama inauma."

Akaishusha leja kubwa kutoka rafuni, akaipangusa vumbi kwa mkono wa sweta. Ukurasa wa Nzilani ulikuwa katikati, umeandikwa kwa Kiingereza na makarani wa kila namna, mmoja hati ya kuku kuparua. Waringa akamwonyesha: huku ni ulichochukua, huku ni ulichorudisha, mwisho ni kilichobaki, na hapa ndipo unapoweka sahihi.

"Na usiniamini mimi," alisema. "Kila mstari jiulize. Hii nilichukua kweli? Hii nililipa, mbona haiko? Hii sahihi ni yangu? Makarani ni watu, tunakosea."

Wakaanza. Hisa za marehemu Ndululu zikahamia kwa mkewe, kweli. Mbegu za pamba, kweli, alichukua. Mbegu zimelipwa, kweli, alilipa, na alikumbuka hata mbuzi aliyemuuza. Sahihi yake ilikuwa pale, herufi kubwa kubwa zimeinama upande mmoja, akaitabasamia.

"Halafu themanini na tatu," Waringa alisema. "Bomba la kunyunyizia dawa, dawa yenyewe, na pesa ya kukodi shamba kando ya mto. Hii ndiyo deni kubwa. Sahihi ni kidole."

"Kidole? Mimi naandika jina langu!"

"Ndiyo maana nakwambia utazame mwenyewe."

Nzilani akainama. Kilikuwa kidole gumba cha wino wa buluu, kikubwa, na katikati yake, kutoka ukingo hadi ukingo, kulipita mstari mweupe ambapo wino haukushika.

Alikijua. Hicho kidole alikifunga yeye mwenyewe kwa kipande cha kanga, siku Mzee alipokikata kwa panga akichanja mkonge, damu imejaa sakafuni, na mvulana anauma midomo asilie kwa sababu babake alikuwa akimwangalia. Kovu halikutoka tena. Akaweka ncha ya kidole chake juu ya ule mstari, polepole, na hakuweza kukiondoa.

Basi ilikuwa hivyo. Kijana alitaka kulima pamba kando ya mto, awe mtu, amshangaze mama yake. Akajua chama hakimkopeshi asiye na hisa. Akaja kwa karani wa zamani, akasema mama ni mgonjwa amenituma, akabonyeza kidole. Halafu mvua ikakataa. Pamba ikakauka, njaa ikaingia, na mama naye, juu ya hayo yote, akamwambia maneno ya ugali. Hakufukuzwa na sentensi peke yake. Nzilani alisikia kitu kikilegea kifuani, na papo hapo kitu kingine kikikaza. Mwanawe alibeba mzigo huu wote ndani ya nyumba ile ile, wanakula sufuria moja, na yeye hakuona.

"Mama," Waringa alisema kwa sauti ya chini. "Kama si yako, sema sasa. Naandika hapa umekataa. Barua inaenda polisi, wanatafuta mwenye hiyo kidole, jina lako linatoka kwa ubao, na tangi unapata. Hata Mulei hawezi kuzuia."

Haya, kila alichokitaka kilikuwa mdomoni mwa msichana yule: jina, tangi, sukari ya Mutindi. Nzilani akalamba midomo.

"Hakuna aliyelipa kitu?"

"Ilikaa miaka bila senti. Halafu mwaka jana zikaanza kuja mani oda, kidogo kidogo, karibu kila mwezi. Zimeandikwa 'deni la Nzilani', jina la anayetuma hakuna. Zinatoka posta ya Mtito Andei." Akapitisha rula chini. "Ya mwisho imekuja wiki iliyopita."

Wiki iliyopita! Yu hai. Wiki iliyopita mkono wake ulihesabu hela, ukazisukuma chini ya dirisha la posta. Nzilani alishika meza.

"Mama, unaumwa?"

"Ni yangu."

"Nini?"

"Hii deni. Ni yangu. Nilikuwa nimesahau."

"Na kidole?"

"Siku hiyo mkono wa kuandika ulikuwa unaniuma."

Uongo wa mtoto wa chekechea. Waringa akaitazama mikono ya yule mama juu ya meza, gumba la kulia na gumba la kushoto, laini yote mawili, bila kovu. Akaandika kwamba mwenyewe amelikubali deni, akafunga kitabu.

Nzilani alikwenda Mtito Andei, bila shaka alikwenda. Aliuza jogoo na majike mawili, akapata nauli. Alisimama karibu na posta kutwa nzima, akawauliza wapakiaji wa malori na wauza maembe, kwa sauti ya kunong'ona kama mtu aliyeiba, "Mnamjua kijana anaitwa Mzee? Ana kovu kwa kidole." Wakamwangalia. "Mzee kijana?" mmoja akauliza, na wote wakavunjika mbavu. Angetaja jina, labda wangejua. Lakini jina lilikuwa mwiko, na zaidi ya mwiko kulikuwa na polisi: ukilitangaza jina la mtu aliyeghushi kidole, si umemkamatisha mwenyewe? Na wa kumsemea hakuwa naye. Mwanamke mwenye binti humwambia binti, taja jina la kaka yako. Yeye alikuwa na nani? Akarudi nyumbani na vumbi la barabara kuu kwenye nyusi.

Basi akaanza mtindo wake. Kila mwezi, siku ya soko, alikwenda ofisini, akaketi kwenye kiti kile kile, akasema, "Nisomee ukurasa wangu." Waringa anasoma: imekuja nyingine, Mtito Andei. Nzilani anauliza imeandikwa kwa kalamu gani, maandishi yamenyooka au yametetemeka, posta waligonga muhuri siku gani. Halafu anakwenda zake mtoni kuchota maji. Wanakamati walimwona. Mulei alisema hajawahi kuona mdaiwa anayekuja kulijulia hali deni lake, na msemo huo ukazunguka soko zima. Nzilani hakujali. Akipita penye ubao, jina lake likiwa bado juu, alilitazama siku hizi bila uchungu. Kwa nini aone uchungu? Deni lile lilikuwa ndilo barua zake.

Mwezi mmoja haikuja kitu. Ah, mwezi ule! Mbuzi walilala bila kukamuliwa. Uliofuata zikaja mbili pamoja, na Nzilani akacheka peke yake njiani hadi watu wakageuka kumtazama.

Lakini deni ni kitu kinachopungua, na kama huna akili utasema hiyo ni habari njema. Nzilani aliziona tarakimu za ule mstari wa mwisho zikifupika mwezi baada ya mwezi, na baridi ikamwingia. Siku moja akamuuliza karani, "Haiwezekani hizi pesa mzikatae kidogo? Zikae?"

"Zikae wapi, mama?"

"Basi tu. Nimeuliza."

Siku ilifika, mwaka uliofuata, mbaazi zikiwa zimechanua. Alipoingia tu, Waringa alisimama na kumpa mkono kwa mikono miwili.

"Pongezi, mama! Imeisha! Jina nimelitoa ubaoni mimi mwenyewe asubuhi hii. Ukurasa wako ni safi kama sahani. Sasa omba hata matangi mawili, wacha Mulei aseme kitu."

Nzilani aliketi. Akavuta leja, akautafuta mstari wa mwisho. Palikuwa na sifuri, na chini yake mistari miwili myekundu, na baada ya hapo karatasi tupu mpaka mwisho wa ukurasa. Akaona miezi yake yote ijayo pale. Atakuja siku ya soko kusomewa nini? Akafunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, kilio cha msibani.

Waringa akaufunga mlango. Alikuwa na akili, msichana yule, alikuwa ameshajua tangu siku ya kwanza. Alikuwa akingoja tu.

"Ni nani wako aliye Mtito, mama?"

"Deni ikiisha, polisi bado wanaweza kumshika mtu?"

"Nani atashtaki? Pesa imelipwa, na wewe ulisema ni yako. Mimi ndiye niliandika."

"Ni mtoto wangu."

Na yote yakatoka, kidole, panga na mkonge, ugali, mahindi ya manjano. Waringa alisikiliza. Halafu akaivuta simu ya ofisi, ile ya kuzungusha, iliyokuwa imefungwa kufuli ndogo kwa amri ya Mulei, na akatoa ufunguo kwenye droo.

"Kaka yangu Thuo amefungua hoteli pale pale karibu na posta. Wapakiaji wote wanakula kwake." Akazungusha, akamwita opereta, akangoja, akazungumza Kikuyu kwa haraka. Kisha akamgeukia. "Anauliza jina."

Nzilani akafungua mdomo. Alimwona baba mkwe, mzee yule mkali na mpole, aliyemkatia kipande cha shamba mapema kuliko wakaza wana wengine wote, aliyekohoa mbali kabla ya kukaribia jiko ili asimshtue. Miaka zaidi ya thelathini hakuwahi kumkosea.

"Mwambie anaitwa Mzee."

"Mama. Mtito imejaa wazee."

"Ana kovu."

"Anasema wote wana makovu, ni wapakiaji! Mama, simu ni ya dakika tatu. Jina lake nani?"

Mgeni ni mgeni, hakujua anachoomba. Nzilani akasimama, kama mtu anavyosimama kanisani. Akasema kimoyomoyo, baba, nisamehe. Akamnyang'anya msichana mkono wa simu, akaushika kwa mikono yote miwili, na kwa sababu hakujua simu inahitaji sauti kiasi gani, akapiga kelele:

"Musembi!"

Kisha Thuo, kule ng'ambo, akacheka. "Musembi? Si useme! Anakunywa chai hapa nje. Ngoja." Na akasikika akienda zake, akiita jina lile uani, wazi, bila woga, kama jina la mtu yeyote, Musembi, we Musembi.

Akangoja. Simu ilileta vyombo vinavyogongana, lori likipiga honi, kuku. Ilileta kila kitu cha Mtito Andei isipokuwa yule mmoja. Waringa alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango, akauma kucha. Kisha kitu kikakwaruza, na pumzi ya mtu ikaingia sikioni.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, si ya yule kijana. "Haloo, ni nani?"

"Musembi," alisema Nzilani, sasa taratibu.

Mtu yule hajawahi tangu azaliwe kusikia jina lake kwa sauti ile.

"Mwaitu?" akasema, yaani mama, na sauti ikawa ile ya kijana. "Mwaitu, ni wewe unaniita hivyo?"

Alitaka kumwambia deni limeisha. Alitaka kumwambia juu ya ugali, kwamba ni njaa iliyosema. Akabaki akipumua tu, naye upande wa pili anapumua, na ndipo opereta alipoingia katikati kwa sauti yake ya puani:

"Dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?"

Waringa akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole kiti cha Mulei. Bili ya simu husomwa na kamati, mstari kwa mstari.

"Ongeza," Nzilani alimwambia opereta. Akamgeuzia karani uso, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na kwa mkono ulio huru akausukuma ukurasa wake safi kuelekea kwake. "Andika hapa. Hii ni deni yangu. Na leo naweka sahihi."